Achari ya Mwanamize na Mkoa wa Shungi

Palikuwa na sultani katika nchi ya Ufumoni, Sultani Nassibu, mwenye kitambi kikubwa na hasira za karibu, na neno moja tu lilimkosesha raha ya chakula: Shungi. Shungi ni kisiwa. Ukisimama kwenye dirisha la msalani kwake unakiona vizuri, na watu wa Ufumoni husema ndiyo sababu Sultani alikuwa akikawia huko. Zamani kisiwa kilikuwa chake. Kisha wenyeji wakamchoka, wakamtimua liwali wake, wakapandisha bendera yao, wakachapa stempu zao, na dunia nzima ikawaita nchi. Dunia nzima isipokuwa Sultani Nassibu.

Basi akatoa amri. Mtu yeyote wa Ufumoni asiandike wala asitamke kwamba Shungi ni nchi ya peke yake. Kwenye ramani, kwenye barua na kwenye kila mzigo iandikwe "Mkoa wa Shungi, Ufumoni". Atakayesema Shungi iko nje ya Ufumoni amekitukana kiti cha enzi, na atasimama kizimbani mbele ya watu.

Ramani zikapakwa rangi upya, na wengi wakaendelea na maisha yao. Aliyebanwa ni Mwanamize binti Faki.

Mwanamize alikuwa mjane, akiuza achari ya ndimu kwa simu. Aliipiga picha ile chupa, akaiweka mtandaoni, watu wakaagiza. Pale Ufumoni kila nyumba ina achari yake, nani atanunua ya jirani? Wateja wake wote walikuwa Shungi, maana udongo wa kule hauoteshi ndimu.

Mwanamize akatii. Akaandika "Mkoa wa Shungi, Ufumoni" juu ya kila boksi, akayapeleka posta. Maboksi yakaenda, na maboksi yakarudi, yamegongwa muhuri wa forodha ya Shungi: "Mkoa huu hatuujui." Akatuma tena, yakarudi tena. Na achari ikipigwa jua kwenye boti, kwenda na kurudi, huchacha. Chupa zikaanza kupasukia posta, hata karani akawa anawahudumia watu huku amejifunika sinia kichwani.

Wateja nao wakamjia juu kwenye simu. "Bi Mwanamize, achari yangu imekwama wapi? Mwanangu anaolewa, nitawapa wageni biriani kavu?" Mwingine akaandika wazi kwamba huyu mama ni tapeli, na watu wakalisambaza neno hilo. Hilo ndilo lililomchoma. Umaskini alishauzoea, lakini tapeli hakuwahi kuitwa.

Akachukua kalamu, akaandika: "Nchi ya Shungi".

Maboksi yakafika salama. Wateja wakamsifu, wakaomba mengine. Alipoyapeleka hayo mengine posta, akakuta askari wanamngoja.

Siku ya hukumu baraza likajaa. Mwanamize akapandishwa kizimbani. Akaikaza kanga yake, akamtazama Sultani usoni.

"Wewe ndiye wa achari?" akauliza Sultani.

"Ndiye mimi, Mtukufu. Ungetuma salamu tu ningekuletea chupa."

Watu wakacheka. Waziri akakohoa, wakanyamaza.

"Umeandika nini kwenye boksi?"

"Nimeandika linakokwenda."

"Umeandika nchi ya Shungi. Amri yangu hukuisikia?"

"Niliisikia, Mtukufu, na nikaitii. Boksi ndilo lililokaidi. Kila nikilituma mkoani, linarudi nyumbani."

"Shungi ni mkoa wangu."

"Naam. Basi nitajie liwali wako wa huko, nimwandikie yeye anipokelee mizigo."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama viatu vyake.

"Nafasi hiyo iko wazi kwa sasa," akasema Waziri.

"Najua," akasema Mwanamize. "Liwali wa mwisho sisi tulimpokea ufukweni. Alikuja akiogelea, na mguuni ana kiatu kimoja."

Safari hii hata askari waligeukia ukutani kuficha meno.

"Nitakukata ulimi," akasema Sultani.

"Ulimi umekosa nini, Mtukufu? Ulioandika ni mkono."

Alipokwisha kusema akaukumbuka ule mkono, akauficha haraka ndani ya kanga.

Sultani akavuta pumzi, kitambi kikapanda na kushuka. Kumkata mjane mkono kwa ajili ya achari kungemletea aibu masokoni. Akafikiri, kisha akatabasamu.

"Unawapenda sana watu wa Shungi," akasema. "Vizuri. Nenda ukaishi nao. Nimekufukuza nchini, na usikanyage tena hapa."

Mwanamize akaiwaza nyumba yake, akauwaza mdimu alioupanda marehemu mumewe uani, nao ulikuwa umejaa matunda. Machozi yakamlenga. Kisha akayasikia tena maneno ya Sultani, safari hii polepole, na machozi yakakauka yenyewe.

"Nimesikia, Mtukufu," akasema. "Naomba fadhila moja tu. Hukumu itangazwe kwa sauti, hata walio nje waisikie, wasije wakasema nimetoroka."

Sultani hakuwahi kukataa kusikilizwa. Akasimama, akapanua kifua.

"Sikieni nyote. Mwanamize binti Faki nimemfukuza nje ya nchi ya Ufumoni. Anapelekwa Shungi."

Mwanamize akashuka kizimbani taratibu. Akakunja pindo la kanga, akapangusa mbao pale alipokuwa amesimama, akasogea pembeni.

"Sote tumesikia Shungi iko nje ya Ufumoni," akasema. "Karibu kizimbani, Mtukufu."