Waya Mzima, Mlinzi Nje

Wapendwa, sikilizeni, maana jambo hili limenikaa kooni wiki nzima.

Palikuwa na tajiri mmoja mwenye ghala la mpunga. Alifunga kamera nane, na picha zake zilipita kwenye waya ambao ndani una uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Basi, kamera zikazima. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima giza tupu. Tajiri akamgeukia mlinzi wake wa miaka kumi na miwili.

"Wewe ndiye umekata waya ili uniibie magunia! Toka!"

"Bosi, mimi hata sijui waya wenyewe unapita wapi."

"Toka, mwizi mkubwa wewe!"

Akamtukana mbele ya wapagazi, mbele ya wateja, mbele ya mama muuza uji. Mlinzi akachukua begi lake akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, maana nyumbani angemwambia nini mkewe?

Fundi akaitwa. Akamulika taa nyekundu upande huu wa waya, ikatokea upande wa pili. Waya mzima, haujakatwa popote! Akafungua sanduku ambamo waya unaingia, akachomoa ncha yake, akaitazama kwa hadubini ndogo, akaguna.

"Mzee, hapa kuna mafuta ya kidole na nyuzi za nguo. Uchafu huu macho hayauoni, lakini unaziba mwanga. Nani anafungua hili sanduku?"

"Mimi mwenyewe. Picha zikisumbua kidogo nachomoa, napuliza, nafuta na shati. Si ndivyo tulivyokuwa tunafanya na redio?"

"Lahaula! Mzee, ni wewe uliyezima kamera zako!"

Naona mnacheka. Chekeni tu, bado sijafika.

Fundi akasafisha ile ncha kwa spiriti na kitambaa chake maalumu, akairudisha. Picha zote nane zikawaka kwenye kioo cha runinga. Na kwenye picha ya getini nani anaonekana? Yule mlinzi, kasimama juani na begi lake.

Fundi akasema, "Basi mzee, mwite arudi, hana kosa."

Tajiri akamtazama mlinzi wake kwenye kioo. Akamtazama weee. Kisha akasema, "Haiwezekani. Nimeshamtangaza mwizi kwa watu wote. Nikimrudisha, uso wangu nitauweka wapi?"

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka?

Jamani, mnanichosha, na mimi najichosha mwenyewe, maana ni sisi hao! Mama, ulimfukuza dada wa kazi kwa ajili ya hereni, halafu ukazikuta chini ya godoro lako. Ulimfuata? Baba, ulimpiga mtoto kwa kosa ambalo baadaye uligundua ni lako. Ulimwambia nini? Tatizo letu si kutokujua ukweli. Ukweli tunao, unatuangalia kwenye kioo! Kwa Mungu tunatubu hadi spika zinakoroma, lakini kwa dada wa kazi neno "nisamehe" linatukwama kooni.

Leo sitawaombea. Ndiyo, mmesikia vizuri. Toeni simu, najua mnazo, nimeziona tangu nyimbo za kwanza. Namba ya yule mtu unayo. Toka nje, mpigie, muombe radhi. Ukimaliza, rudi ndani tuombe pamoja. Mimi nasubiri hapa hapa.