Nyanya za Bi Kindi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, na wakipigiana hodi kama sisi, aliishi Bi Kindi katika nchi ya jua kali. Jua la kule halikuwa na mchezo. Ukimwaga maji chini, tsss! Yameshakwenda.

Mwaka mmoja watoto watatu wa Bi Kindi walianza kutoka damu kwenye fizi. Kila siku walikula mbegu kavu na kokwa kavu, maana majani mabichi yote yalikuwa yameungua. Mdogo wao, Chekwa, alifika mahali hataki hata kutafuna.

"Mama, inauma," alisema huku ameshika shavu.

Bi Kindi akashusha kibuyu kilichoning'inia darini. Ndani yake mlikuwa na mbegu za nyanya, bamia na bilinganya alizopewa na mama yake siku alipoolewa.

"Nitalima bustani," akasema.

Mumewe akacheka mpaka akakohoa. "Nyanya? Katika jua hili? Mama Chekwa, wewe hutapanda mbegu, utazikaanga!"

"Basi nitazikaanga, tuone."

Akapanda. Mbegu zikaota vizuri, lakini siku ya tatu miche yote ikalala chini, imenyauka. Bi Kindi akachutama akaitazama mmoja mmoja. Akaona ule uliokuwa chini ya kivuli cha jiwe umechelewa kufa. Akaona na ule uliofunikwa na nyasi kavu shinani, udongo wake ulikuwa bado na ubaridi kidogo.

"Ahaa," akasema. "Kumbe mnataka kivuli, nyasi na maji."

Kivuli angejenga. Nyasi angekata. Maji ndiyo yalikuwa kazi.

Bwawa lilikuwa moja tu, na wakubwa wa bwawa walikuwa wawili, Kiboko na Tembo. Amri yao ilijulikana na kila mnyama: "Maji ni ya kunywa tu. Kunywa, nenda zako. Atakayetoa hata tone nje ya bwawa atakanyagwa."

Bi Kindi hakukata tamaa. Akapanda tena, akatandaza nyasi, akajenga kibanda kidogo cha makuti juu ya miche. Kisha akaenda bwawani, akanywa, akajaza maji mashavu yote mawili mpaka yakavimba. Akaanza kuondoka polepole.

"Bi Kindi!" Kiboko akaita kutoka majini. "Hujambo?"

"Mm."

"Nakusalimia, hujambo?"

"Mm-mm!"

"Mbona hufungui mdomo? Hebu njoo hapa!"

Kiboko akatoka, akampiga mgongoni kwa pua yake. Pwaa! Maji yote yakaruka.

"Mwizi!" Kiboko akanguruma. Hakuishia hapo. Alimfuata mpaka bustanini, tifu, tifu, tifu! Akakanyaga matuta, akakanyaga kibanda, akakanyaga kila mche. "Shukuru sikukukanyaga wewe," akasema, akarudi zake majini.

Bi Kindi akakaa juu ya makuti yaliyovunjika. Alilia, sitawaficha. Alilia hasa. Halafu akafuta macho kwa mkia, akaingia ndani, akakung'uta kibuyu. Zikatoka mbegu kumi na mbili za nyanya, sita za bamia na nne za bilinganya. Basi.

"Baba Chekwa," akamwambia mumewe, "mimi nimekatazwa kutoa maji bwawani. Sawa, sitayatoa. Watayatoa wenyewe."

Safari hii mumewe hakucheka. Alimtazama usoni, akaenda kutafuta jembe.

Wakachimba mifereji miwili, mmoja huku, mmoja kule, na katikati wakainua tuta pana, wakalichanganya na samadi. Wakapanda mbegu zile chache, wakazifunika kwa nyasi, wakasimamisha vijiti vya kushikia miche na kivuli kipya cha makuti.

Asubuhi Bi Kindi akaenda bwawani. Akawakuta wakubwa wanagombana, kama kawaida yao.

"Mwenye bwawa ni mimi! Mimi nalala humu!" akasema Kiboko.

"Mwenye bwawa ni mimi! Mimi ndiye niliyelichimba kwa miguu yangu!" akasema Tembo.

"Shikamooni, wazee," akasema Bi Kindi.

"Marahaba," wakajibu bila kumtazama.

"Wazee wangu, mpaka lini mtagombana? Mwenye bwawa si ndiye mwenye kubeba maji mengi? Huko njiani wengine wanasema mkonga wa Mzee Tembo hubeba mengi. Wengine wanasema, aka, kinywa cha Bwana Kiboko hakina mwenzake."

"Kinywa changu ni pango!" Kiboko akapayuka.

"Mkonga wangu ni mto!" akasema Tembo.

"Mimi nitajuaje, mdogo kama mimi? Lakini kwangu nina mifereji miwili iliyo sawasawa. Kila mmoja ajaze wake. Mfereji utakaoamka una maji asubuhi, mwenyewe ndiye mwenye bwawa. Ila mje alfajiri na jioni tu. Mchana jua huiba maji, mtadhulumiana."

"Twende!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wacha kazi ianze! Kiboko alikuja kinywa kimefura, akamwaga. Bwaaa! Tembo akaja na mkonga wake. Fyuuuu! Kiboko, bwaaa! Tembo, fyuuuu! Wanyama wakaja kutazama, Swala, Nungunungu na Ngiri, wote wakashangilia.

Asubuhi ya pili mifereji yote miwili ilikuwa mikavu. Udongo ule wenye kiu ulikuwa umekunywa kila kitu.

"Aa! Mmetoka sare," akasema Bi Kindi. "Mtajaribu tena?"

"Tena!" akasema Kiboko.

"Na tena!" akasema Tembo.

Ikawa hivyo alfajiri na jioni, wiki baada ya wiki. Miche ikapanda, ikashika vijiti. Siku moja Tembo akanusa majani ya nyanya, akapiga chafya. "Pyuu! Haya majani yananuka. Ya nini?"

"Ni kizuizi tu, Mzee. Yanazuia jua lisiibe maji yako kabla hayajapimwa."

"Vyema, vyema. Yasing'olewe."

Lakini msidhani Bi Kindi alikuwa amelala. Joto lilipozidi, maua ya kwanza yalidondoka yote. Akaongeza makuti juu, akaongeza nyasi chini. Yalipotoka maua mengine, kila asubuhi alipita akiyatikisa taratibu kwa ncha ya mkia, ili yashike matunda. Mikono ilimtoka malengelenge. Hakuacha.

Yakashika. Yakawa vitufe vya kijani. Kisha alfajiri moja, watoto wangu, bustani nzima ikawaka nyekundu!

Tembo alifika wa kwanza, mkonga umejaa. Akasimama. "Nini hizi?"

"Nyanya, Mzee. Karibu."

Nyuma yake akaja Kiboko, kinywa kimefura. Aliponyanyua macho na kuona nyanya, bamia na bilinganya zimening'inia, kinywa kikaachama chenyewe. Bwaaa!

"Ahsante, Bwana Kiboko," akasema Bi Kindi. "Hapo hasa ndipo palipokuwa pamekauka."

Swala akaanza kucheka. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, chaka-chaka-chaka.

"Umevunja amri!" Kiboko akafoka. "Utakanyagwa!"

Bi Kindi hakurudi nyuma. "Amri inasema akanyagwe nani?"

"Aliyetoa maji bwawani!"

"Mimi sijatoa hata tone. Jamani, nani alikuwa anayatoa?"

"Wao!" wanyama wote wakaitika. "Asubuhi na jioni! Tumewaona!"

"Basi, Mzee Tembo, mkanyage Bwana Kiboko. Ukimaliza, yeye naye akukanyage wewe. Amri ni amri."

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo. Tembo akamwaga maji yake mferejini polepole, akakohoa.

"Nadhani," akasema, "amri hii imezeeka."

"Imezeeka sana," akasema Kiboko kwa sauti ndogo. "Tuiondoe."

Siku ile ile wanyama walipishana njiani na vibuyu na mitungi, kila mmoja anapeleka maji kwenye tuta lake jipya. Na Chekwa akakaa chini ya kivuli cha makuti, akang'ata nyanya, maji yake yakamtiririka mpaka kifuani.

"Inauma?" mama yake akamuuliza.

"Nipe nyingine," akasema Chekwa.

Asiyetumia akili, wanangu, nguvu zake humlimia mwenye nia.