Mipira Mitano Chini ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nyamazeni, wakubwa kwa wadogo, msikie alichosikia Nguchiro usiku.

Ko!

Mara moja tu. Kisha kimya.

Kila aliyebaki kichakani alilala. Nguchiro peke yake alifumbua macho. Aliijua sauti ile. Bi Kanga alikuwa anageuza mayai yake kiotani. Lakini yai likigusana na yai halilii ko.

Hapo zamani za kale, si kale sana, maana watu walikwisha kuanza kucheza gofu, kichaka hicho kilipakana na uwanja wao. Upande huu nyasi ndefu, upande ule nyasi fupi kama zulia. Watu wanapiga, twaa! Mpira mdogo mweupe unaruka, unapotelea kichakani. Nao wanaufuata. Wanapekua kwa fimbo, wanakanyaga huku, wanakanyaga kule. Wakiondoka, viota vimekuwa uji.

Basi wanyama wakamchagua Nguchiro, jina lake Mbaruku, awe mwokotaji. Mpira ukiingia, anasikiliza umeanguka wapi. Anapenya, chwa chwa chwa, anaukuta, anausukuma kwa pua hadi kwenye nyasi fupi. Watu wanauona, wanafurahi, hawaingii. Mipira iliyosahauliwa siku nyingi aliiweka shimoni kwake.

Siku moja mpira ulitua hatua mbili kutoka kiota cha Bi Kanga. Mtu mmoja anakuja, fimbo mkononi! Nguchiro akaupiga pua, ukabingirika, ukatoka nje. Mtu akageuka.

"Kaka," alisema Bi Kanga, "hili sitalisahau."

Kanga wa kichaka kile walikuwa na desturi. Mama humchagulia mtoto jina siku yai linapotagwa, wala halitaji mpaka ganda lipasuke.

"Wa kwanza nimeshampatia jina," Bi Kanga akasema.

"Anaitwa nani?"

"Ng'o! Subiri atoke mwenyewe."

Kikaja kiangazi. Panzi hakuna. Mchwa hakuna. Bi Kanga akasema, "Kaka, nilindie mayai yangu, nikanywe maji." Akaenda.

Nguchiro akayatazama. Matano. Akayapa mgongo. Akageuka, akayatazama tena.

Nguchiro wana namna yao ya kula yai. Hulishika kwa miguu ya mbele, huligeuzia jiwe mgongo, hulirusha nyuma kati ya miguu. Pa! Akala moja. Moja halikutosha. Pa! Pa! Pa! Pa!

Alipokuwa analamba midomo ndipo alipokiona kiota kitupu. Akakimbia shimoni. Akatoa mipira mitano. Akaipanga kiotani.

Bi Kanga akarudi, matone ya maji bado shingoni. Akaketi juu ya mipira. "Mungu akuweke, kaka."

Akaatamia. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukatoweka. Akaatamia. Ukaandama mwingine. Akaatamia. Akakonda, akabaki manyoya na macho. Kila asubuhi Nguchiro alimletea chakula kidogo alichopata, akitaka kusema. Akifungua kinywa, Bi Kanga anamshukuru. Anakifunga.

Kunguru akapita juu. "We Bi Madoadoa! Hayo ni mayai au mafiga?"

"Funga domo lako, mla majalala! Wanangu wavivu tu, wamemfuata baba yao."

Kunguru alipokwenda zake, sauti ya Bi Kanga ikashuka. "Wamepoa, kaka. Labda wana homa." Akashusha mbawa, akawafunika vizuri zaidi.

Siku hiyo Nguchiro hakula.

Jioni moja Kunguru akarudi, safari hii bila mzaha. "Hameni! Nimewaona wafyekaji wananoa mapanga. Kesho wanafyeka mpaka mtoni!"

Sungura akahama. Kenge akahama. Kichaka kikaanza kumwagika.

"Mimi siendi," alisema Bi Kanga.

"Watakukata!" Kunguru akalia.

"Wanikate nikiwa juu ya wanangu."

Huo ndio usiku wa ile ko tuliyoisikia. Kulipopambazuka, mapanga yakaanza. Fyu! Fyu! Nguchiro akaja mbio.

"Bi Kanga, inuka. Hayo si mayai."

"Hata wewe? Kunguru amekufundisha?"

"Ni mipira. Mayai niliyala mimi."

Bi Kanga akamtazama kwa huruma. "Unasema hivyo ili niinuke. Wewe ni mwema mno, kaka."

 Nguchiro akapenyeza mkono chini ya bawa, akatoa mmoja. Akaligeuzia jiwe mgongo. Bi Kanga akapiga ukelele. Nguchiro akaurusha nyuma, kama alivyorusha siku ile.

Ta!

Haukupasuka. Uliruka, ukampiga mbavuni, ukabingirika hadi mbele ya Bi Kanga. Akautazama. Akamtazama Nguchiro alivyosimama, mgongo kwa jiwe. Akaelewa.

"Nilipokwenda kunywa maji?"

"Siku ile."

"Yote?"

"Yote."

Fyu! Fyu! Mapanga yakasogea.

"Ungeniambia siku ile," akasema Bi Kanga, "ningetaga tena. Sasa majira yamepita."

Akainuka.  Akaanza kutembea kuelekea mtoni. Nguchiro akamfuata kwa mbali, asijue kama anaruhusiwa.

Mlioketi hapa, mmesikia. Kula mayai kulichukua dakika chache. Kuficha ndiko kulikomla Bi Kanga miezi miwili. Ukimkosea mwenzako, mwambie mapema, angali ana nafasi ya kuanza upya. Mimi hadithi yangu naitua hapa. Nimebakiwa na jina tu, nalo si langu kulitaja.

Kwenye ukingo wa nyasi ndefu Bi Kanga alisimama. Hakugeuka.

"Wa kwanza," akasema, "nilimpa jina la yule aliyeuondoa mpira mlangoni pangu. Nilitaka akue awe kama yeye."

Nguchiro akainamisha kichwa.

Naye Bi Kanga akalitaja, polepole, kama mama anayemwita mtoto aje kula:

"Mbaruku."