Nguchiro Alipomkanda Fisi

Paukwa!
*Pakawa!*
Wa mbele mpo?
*Tupo!*
Wa nyuma mnasikia?
*Tunasikia!*
Na aliyesinzia?
*Mfinye!*

Haya. Palikuwa na bibi mmoja, Bi Mize, na mbwa wake, Doria. Hiyo ilikuwa zamani, nyumba zikinukia mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na mtu akiumwa goti majirani wote wanajua kabla ya chai. Siku hizi mtu anaumwa peke yake na mlango kaufunga. Zamani ilikuwa nzuri, nawaambieni. Hata maumivu yalikuwa na wageni.

Doria alikuwa amezeeka. Nyonga zilimuuma, magoti yalimuuma, akitembea ni chopi, chopi, chini. Lakini enzi zake alikuwa mbwa wa kusimuliwa, na aliyemjua kuliko wote ni Nguchiro, mwizi wa mayai wa ua ule. Miaka minane Doria alimfukuza kila asubuhi: vuu kutoka bandani, vuu nyuma ya jiko, vuu mpaka kwenye kichuguu chake, pua ya mbwa ikimpulizia mkiani. Sasa Nguchiro aliiba yai akatoka nalo akitembea. Alilivunja, akalinywa, akaona halina ladha. Mnacheka, lakini mwizi yule alikuwa na hamu ya kufukuzwa.

Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Bi Mize alikuwa anahama. Mtama ukishavunwa, angekwenda kukaa kwa binti yake Saumu, mwendo wa siku mbili kupanda vilima. Kuku wangebebwa kwenye tenga, lakini mbwa mkubwa habebwi. Asipoweza kutembea angebaki, na nyumba tupu yenye mbwa asiyesimama mnajua ni karamu ya nani.

Kwa hiyo kila asubuhi Bi Mize alimtibu. Alichemsha kwato za mbuzi na manjano, hakutia chumvi wala kitunguu, maana supu ya mbwa ni ya mbwa. Chumvi aliikaanga kwenye kikaango cha udongo, akaifunga katika kipande cha kanga, akaijaribu kwanza shavuni mwake asije akamchoma mgonjwa, kisha akamkanda nyonga taratibu huku akimwita mume wangu wa pili. Alimwinua, akatembea naye mpaka kwenye mlimao na kurudi, akamlaza juu ya gunia la majani makavu, akaacha supu ipoe. Akapika, akakanda, akaondoka kwenda kuvuna.

Bi Mize akiondoka, Fisi huyo. Alikuja mchana kweupe, akamruka Doria, akainamia bakuli: lapu, lapu, lapu. Na kwato: kacha, kacha. Doria alinguruma. Fisi alicheka.

Siku ya pili Bi Mize akapika, akakanda, akaondoka. Fisi akaja. Lapu, lapu, lapu. Kacha, kacha.

Siku ya tatu Bi Mize akapika, akakanda, akaondoka. Fisi akaja. Lapu, lapu, lapu. Kacha, kacha. Siku hiyo Doria hata hakunguruma.

Nguchiro aliyaona yote akiwa juu ya kichuguu. Fisi alipokwisha kwenda, alishuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaingia ua ule bila nia ya kuiba. Alimuuliza Doria kama ni kweli akipona ataondoka.

"Nitaondoka," Doria alisema. "Nisipopona nitabaki hapa na wewe. Na yule."

Nguchiro alijikuna sikio. Alijikuna na la pili. Moyo ulimuuma, kwa sababu aliona njia zote mbili na hakuipenda hata moja.

"Basi kesho," alisema, "yule niachie mimi."

Kesho yake Bi Mize akapika, akakanda, akaondoka. Fisi akaja, akamkuta Nguchiro amekaa mkekani, miguu kaikunja, kitambaa kajifunga kichwani, utadhani mkandaji aliyeitwa kutoka mji wa tatu. Alimwamkia Fisi shikamoo kwa adabu zote, akamuuliza mgongo unaendeleaje. Fisi akasema mgongo wake hauna neno, na sasa apishwe anywe supu.

"Siku tatu umekunywa dawa ya nyonga," Nguchiro alisema, "na huna nyonga inayouma?"

"Sina."

"Hapo ndipo penye hatari, Mzee Fisi. Dawa hii inatembea mwilini ikitafuta maumivu. Ikiyakosa inakaa nyuma, inavuta chini. Hebu jitazame."

Fisi alijitazama kwenye beseni la maji ya kuku. Sasa ninyi mnamjua Fisi alivyo: mbele juu, nyuma chini. Ndivyo alivyozaliwa, ndivyo alivyokuwa mama yake, ndivyo alivyokuwa babu yake. Lakini tangu azaliwe alikuwa akitazama chakula tu, hakuwahi kupata nafasi ya kutazama makalio yake. Aligeuka kushoto, yameshuka. Aligeuka kulia, yameshuka.

"Jana yalikuwa hivi?" aliuliza.

Nguchiro alimwambia jana yalikuwa juu kidogo.

Fisi aliomba atibiwe, tena aliomba kwa upole. Nguchiro akampa miiko. Alale kifudifudi. Aume kijiti. Asijitikise. Na akishatoka hapa asirudi kamwe, kwa sababu maumivu yakiachwa mahali yanamngoja mwenyewe, akitokea tu yanamrukia. Fisi aliitikia ndiyo kwa kila mwiko, akalala.

Makaa yalikuwa bado mekundu. Nguchiro aliliweka fundo la chumvi kikaangoni, akasubiri. Akasubiri tena. Kanga ilianza kunukia moshi. Hakulijaribu shavuni, maana shavu lake alilipenda. Aliling'ata fundo kwenye ncha ya kanga, akalitua palepale palipoinama.

Chwiii!

"Inauma," Fisi alisema, kijiti mdomoni.

"Inatoka," Nguchiro alisema.

Chwiii! Inauma. Inatoka. Chwiii! Inauma. Inatoka. Mara ya nne Fisi hakungoja maumivu yatoke, alitoka yeye. Aliruka ua, akaruka korongo, uwii, uwii, mpaka sauti ikapotea. Na hakurudi tena. Si kwamba alimwogopa Nguchiro. Alikuwa anashika miiko, na katika wagonjwa wote niliowasikia, huyo ndiye peke yake aliyeishika yote.

Siku hiyo Doria alikunywa supu yake. Na kesho yake. Na keshokutwa. Siku ya kumi alikwenda chopi, chopi mpaka kwenye mlimao bila kuinuliwa. Nguchiro alikuja kila mchana, wakakaa juani, wakakumbushana ile asubuhi ya mvua Doria alipoteleza akaingia pipani, na lile yai la bata lililomshinda Nguchiro kubeba. Walicheka mpaka kuku wakawashangaa.

Mtama ukaisha. Bi Mize akafunga virago, akafunga kuku kwenye tenga, akajitwika. Doria akasimama mwenyewe, akajinyoosha mgongo, akamfuata. Mlangoni aligeuka mara moja akatazama kichuguu. Kisha akashika njia, polepole lakini kwa miguu yote minne.

Nguchiro aliwatazama mpaka vilima vikawameza. Akaingia bandani. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na yai, na gunia la majani makavu lilikuwa na shimo la umbo la mbwa. Akajilaza humo, akalia.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie, nitaipasha moto kesho.

Na funzo lake mlishike vizuri: ukimpenda mtu, usimtibu. Akipona atakwenda zake. Nguchiro alilijua funzo hili tangu siku ya tatu, na alimtibu vilevile.