Kwa Nini Ugweto Ina Nyumba Tatu za Utawala

Watu wa Ugweto wakisikia redioni kwamba majaji wa Marekani wamemzuia Rais wa nchi ile kufanya jambo alilokwisha kuliamuru, hawashangai. Wakiambiwa kwamba Bunge la kule lina mabaraza mawili, moja likifuata wingi wa watu na jingine likitoa viti viwili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo, husikiliza kama mtu anayepewa habari za ndugu wa mbali. Wamarekani walifika hapo kwa njia yao, na njia hiyo imeandikwa vitabuni. Ugweto ilifika kwa njia yake, nayo haijaandikwa popote. Bi Nakijwa, aliyefundisha uraia katika shule ya Kisuo mpaka alipostaafu, aliwasimulia hivi wanafunzi wake kila walipofika kwenye somo la serikali ya Marekani.

Wakati huo mlima wa Ugweto ulikuwa na nyumba moja tu ya utawala, na ndani yake mtu mmoja. Sheria ilitoka kinywani mwake. Askari waliokwenda kuitekeleza walikuwa wake. Mtu akikamatwa, aliletwa mbele ya kigoda chake, naye ndiye aliyeamua kama ana hatia. Mtu huyo aliitwa Mtemi Kilave.

Kilave hakuwa mtu mbaya. Bi Nakijwa alilisema hili mapema, maana wanafunzi hupenda kumtafuta mbaya. Vijiji kumi na vitatu vya mlima ule vilikuwa chini ya Sultani wa ng'ambo ya ziwa, aliyechukua sehemu ya kila mavuno bila kukanyaga mlimani na bila kumuuliza Mgweto yeyote neno. Kilave ndiye aliyewaongoza watu kumkataa. Vita vilichukua miaka saba, akapoteza kaka wawili na jicho la kushoto, na siku aliporudi mshindi watu walimtandikia nguo njiani. Wakamwambia atawale. Hawakumwambia mpaka wapi.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mlima ule unaishi kwa mifereji: maji hushuka kutoka mabwawa ya juu, na kila kijiji kina siku yake ya kuchomoa kizibo cha bwawa na kumwagilia. Watu walikuwa wakipigana majembe kwa sababu ya zamu. Kilave akatunga sheria fupi kwamba atakayechomoa kizibo siku isiyo yake atafukuzwa mlimani, akakae ng'ambo ya mto Mhisa kwa misimu miwili, bila udhuru. Ugomvi ukakoma. Mtemi aliipenda sana sheria ile. Aliiona kuwa kazi bora kuliko vita vyote alivyopigana.

Mwaka wa nne wa sheria hiyo, askari walimleta mjane mmoja wa Kisuo, kijiji kidogo kuliko vyote. Jina lake Nakunda. Alikuwa amechomoa kizibo mchana kweupe, siku ya zamu ya Ngoroi, kijiji kikubwa kuliko vyote. Kilave alikuwa ameketi tangu asubuhi, na hiyo ilikuwa kesi ya kumi na mbili. Akamuuliza kama ni yeye aliyechomoa. Nakunda akasema ni yeye, akaanza kueleza. Mtemi akainua mkono na kusema sheria imekwisha kusema. Kesi ikaisha kabla askari waliomleta hawajapata nafasi ya kuketi. Nakunda akavushwa mto siku hiyohiyo, akimwacha mama yake, kikongwe asiyeona, mikononi mwa majirani.

Msimu mmoja na nusu baadaye, Kilave alipita Kisuo katika ziara zake. Akaona ghala la kijiji limeungua upande mmoja, ukuta mweusi mpaka juu. Akauliza kulikoni. Watu wakatazamana. Mwishowe mzee mmoja akamweleza kwamba moto uliruka kutoka shamba kavu, ukashika ghala lenye mbegu za kaya thelathini, na hapakuwa na maji karibu ila ya mfereji. Nakunda ndiye aliyekimbia bwawani. Bila yeye, Kisuo isingekuwa na kitu cha kupanda. Kilave akauliza kwa nini hakuambiwa. Yule mzee akatazama chini, akasema walidhani Mtemi anajua.

Hakutuma mtu. Alivuka mto mwenyewe, na askari mmoja tu, akamkuta Nakunda akipalilia karanga katika shamba la watu. Nakunda akamwamkia kwa heshima, akaendelea kushika jembe lake. Mtemi akamuuliza kwa nini hakuyasema yale ya moto.

"Nilianza kuyasema," alijibu.

"Ungerudi, ukatafuta wa kukusikiliza."

"Nani, Mtemi? Aliyetunga sheria ni wewe. Walionikamata ni askari wako. Aliyeketi kunihukumu ni wewe. Ningekushitaki kwako?"

Kilave akamwambia kwamba tangu siku hiyo yuko huru, na kwamba arudi nyumbani kwa mama yake. Nakunda akasema kwamba mama yake walimzika mwezi uliopita, na kwamba habari zilimfikia mazishi yakiwa yamekwisha. Alisema hivyo bila kuinua sauti. Mtemi alisimama pale shambani mpaka kivuli chake kikahama upande, na wanaosimulia wanasema kwamba katika vita vya miaka saba hakuna aliyewahi kumwona akilia, ila askari yule mmoja alimwona siku hiyo.

Aliporudi, akaitisha mkutano wa vijiji vyote kumi na vitatu katika uwanja wa Ngoroi. Akayasema yote, hata lile la mkono alioinua. Kisha akaomba anyang'anywe kazi mbili kati ya tatu. Alisema yeye abaki kutekeleza sheria tu. Wengine wazitunge, na wengine tena wahukumu.

Watu walikataa. Walimpenda, na waliogopa kumpa mtu wasiyemjua kitu ambacho Kilave alikitunza vizuri. Mzee Sengasu, msemaji wa Ngoroi, akasimama akasema kosa ni moja tu katika miaka mingi, na kila mtu hukosea. "Wewe ni mtu mwema, Mtemi," alisema. "Tutafute nini tena?"

"Hata siku ile nilikuwa mwema," Kilave akasema.

Watu wakakubali kuketi na kulijadili.

Jambo lililoonekana la siku moja lilichukua siku thelathini na sita. Kugawa kazi tatu hakukuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa baraza la kutunga sheria. Mzee Sengasu alisema wajumbe wahesabiwe kwa watu, maana Ngoroi ina watu sawa na Kisuo kumi, na si haki mtu wa Ngoroi awe na sauti ndogo kuliko mtu wa Kisuo. Vijiji vidogo vikasema vikikubali hilo, kila sheria itatoka Ngoroi na maji yote yatakwenda Ngoroi. Vikataka vijiji vyote viwe sawa. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake. Siku ya ishirini na moja watu wa Kisuo walifunga mizigo yao waondoke. Kilave alikuwa ameketi pembeni akiwatazama. Alijua wakiondoka hao, mlima utarudi kwa mtu mmoja, na mtu huyo atakuwa yeye.

Nakunda alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Kisuo. Yeye hakufunga mzigo. Akaomba kusema, akasema kwamba kama madai yote mawili ni ya haki, basi yawekwe mabaraza mawili. Moja lihesabu watu, na Ngoroi itakuwa na wengi humo. Jingine lipokee wajumbe wawili kutoka kila kijiji, na humo Kisuo itakuwa sawa na Ngoroi. Sheria isiwe sheria mpaka ipite kote.

Mzee Sengasu akanung'unika kwamba kwa mwendo huo sheria zitachelewa mno.

"Iliyonifukuza mimi ilikwenda haraka sana, babu," Nakunda akamjibu.

Baadhi ya watu wa Ngoroi wakacheka, na Sengasu mwenyewe, baada ya kujizuia kidogo, akacheka nao. Mizigo ikafunguliwa.

Siku zilizobaki walimalizia mengine. Mtemi achaguliwe na watu, atawale miaka minne, na asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Akiiona sheria ni mbaya aweze kuikataa, lakini mabaraza yakiirudia kwa theluthi mbili ya wajumbe, ipite hata kama hataki. Waamuzi wapendekezwe na Mtemi, wakubaliwe na baraza la vijiji, na wakishaketi mtu asiweze kuwatoa kwa sababu tu hukumu yao imemuudhi. Kilave alitaka mwamuzi mkuu wa kwanza awe Nakunda. Nakunda akakataa. Alisema mwenye jeraha bichi asipewe kisu, akaenda kuketi katika baraza la vijiji kwa niaba ya Kisuo. Kazi ya mwamuzi mkuu akapewa Mzee Teri, rafiki wa Kilave tangu utoto, aliyekaa naye mahandakini wakati wa vita.

Kilave alichaguliwa, na mwaka wa tatu mvua ziligoma. Mabwawa yakashuka hadi tope likaonekana. Mtemi akaona njia moja tu. Aliwaamuru askari waufunge mfereji wa Ngoroi, mkubwa kuliko yote, ili maji yakusanyike kwa ajili ya mlima mzima. Nia yake ilikuwa safi. Hakuyangoja mabaraza, maana jua halikungoja. Mzee Sengasu, akiwa sasa anatembelea mkongojo, alikwenda mpaka kwa Teri na kumshitaki Mtemi.

Kilave alikuja kwa miguu, akasimama mahali wanaposimama washitakiwa wote. Teri alimsikiliza Sengasu mpaka mwisho, akamsikiliza Kilave mpaka mwisho, bila kuinua mkono. Akaomba siku moja ya kufikiri. Siku ya pili akatamka kwamba huenda jambo lenyewe ni jema, lakini Mtemi hana uwezo wa kufunga mfereji wa kijiji bila sheria iliyopita mabaraza yote mawili. Mfereji ufunguliwe.

Wakitoka nje, mkuu wa askari, kijana hodari aitwaye Mshana, alimsogelea Kilave na kumnong'oneza. "Teri hana askari hata mmoja. Tukikataa, atatufanya nini?"

Hapo Bi Nakijwa alikuwa akiwaacha wanafunzi wafikiri. Maana Mshana alisema kweli. Mwamuzi hakuwa na mkuki wala ngao, alikuwa na maneno tu. Na Kilave alikuwa na hasira. Alimkasirikia Teri kwa kumwumbua mbele za watu, na aliona, kwa jicho lake moja, mimea ikinyauka mlima mzima. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha, na kwamba nusu ya watu wangemshukuru.

Kilave alipanda njia ya bwawa, watu wakimfuata bila kujua anakwenda kufanya nini. Akavua viatu, akaingia katika tope lililomfika magotini, akashika kizibo cha mfereji wa Ngoroi kwa mikono miwili na kukichomoa. Maji machache yaliyokuwepo yakaanza kuteremka. Kisha akamgeukia Mshana na kumwomba akayaite mabaraza.

Mabaraza yaliketi siku tano mfululizo. Sheria waliyoitoa iligawa kiu kwa vijiji vyote, kila mfereji ukifunguliwa robo ya siku, na Ngoroi wenyewe waliipigia kura. Msimu ule watu walikula mara moja kwa siku, lakini hakuna kijiji kilichohama. Jioni ya siku ya tano Kilave alikwenda nyumbani kwa Teri, wakala ndizi pamoja. Haijulikani walizungumza nini.

Miaka minane ilipotimia watu walimwomba Kilave aendelee. Walisema sheria waliyoiweka wanaweza kuibadilisha kwa ajili yake. Akasema kama itabadilishwa kwa ajili yake, itabadilishwa tena kwa ajili ya mwingine. Alimkabidhi fimbo ya utawala mtu wa Ngoroi aliyempinga karibu katika kila jambo, akamwombea heri mbele ya watu, akaenda kulima viazi. Mtemi aliyetoka kwa miguu yake mwenyewe, akiwa hai na mwenye nguvu, hakuwa amewahi kuonekana katika nchi zile. Inasemekana Sultani wa ng'ambo ya ziwa alipopata habari hizo alidhani amedanganywa.

Na tangu siku hiyo Ugweto ina nyumba tatu za utawala, ya Mtemi, ya mabaraza na ya waamuzi, kila moja katika kilima chake, na hakuna anayeruhusiwa kulala katika mbili. Hawajawahi kuacha kubishana. Wapo watemi waliojaribu kuzivuta nyumba hizo ziwe moja, na wapo wajumbe waliosinzia wakati zikivutwa, na mara nyingine iliwachukua miaka kurekebisha. Lakini kila Mtemi mpya, kabla hajagusa kigoda, hupelekwa kwanza katika nyumba ya waamuzi. Husimama mahali aliposimama Kilave, na mwamuzi mkuu, asiye na mkuki wala ngao, humuuliza swali moja tu, kwa sauti inayowafikia watu walioko nje.

"Tukikwambia hapana, utafanya nini?"

Watu wote hutega masikio kumsikia akijibu.

"Nitatii."