Vyumba vya Wageni vya Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba kama sisi, aliishi Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa akili.

Mbele ya nyumba yake ilipita njia ya chemchemi. Wakati wa kiangazi wasafiri walikuwa wengi, hoi kwa uchovu, na pa kulala hawana.

Jirani yake, Mzee Muhanga, alikuwa na tabia yake: huchimba shimo, hulala humo, kisha hulihama.

"Mzee, mashimo haya huyataki tena?" Bi Nguchiro akamwuliza.

"Ya nini? Mimi mchimbaji, si mkaaji."

"Basi nikabidhi mimi. Kila akilala mgeni, nitakuletea mchwa."

"Mchwa? Chukua yote, binti yangu!"

Weee! Bi Nguchiro akaingia kazini. Akafagia, fya! fya! fya! Akatandika vitanda vya nyasi laini. Kila chumba akakitilia mtungi wa maji na kata yake. Akasuka ukili wa rangi, mrefu ajabu, apate kushona mikeka. Akiba yake yote ya mtama ikaishia humo.

Majirani wakacheka. "Nani atalipia kulala shimoni?"

Mgeni wa kwanza, Kobe, akalala, akaamka anatabasamu. Akamsimulia Nungunungu, naye akamsimulia Digidigi. Mara vyumba vikajaa! Huyu anaaga, yule anabisha hodi.

Ndipo akaja Ngiri, meno nje, anatimua vumbi. Akawafurusha wageni wote.

"Majirani, sikieni! Kuanzia leo mwenye nyumba hizi ni mimi, Ngiri! Nani anabisha?"

Nani abishane na meno yale?

Bi Nguchiro akavitazama vyumba vyake. Jasho lake lote lile! Lakini hakulia. Alikwenda kichakani kwa dada zake, wakanong'onezana, kisha akarudi na kupiga goti.

"Hongera, bwana. Basi mgeni wa leo utampokea wewe."

"Mgeni gani?"

"Chatu. Alishaagiza chumba na chakula."

Ngiri akarudi nyuma hatua moja. "Cha… chakula gani?"

"Hana makuu. Kasema, 'Mwambie mwenye nyumba asihangaike kupika. Yeye mwenyewe ananitosha.'"

"Lakini mwenye nyumba ni wewe!"

"Mimi tena? Si umetangaza mwenyewe, majirani wote wakisikia?"

Mara nyasi zikalia, shwaaa! shwaaa! Kitu kirefu chenye mabaka kikaja kikijipinda. Fsssss!

"Yarabi!" Ngiri akapiga kelele. "Majirani, nishuhudieni! Mimi mpita njia tu! Nyumba ni za Bi Nguchiro, zote, leo na siku zote!"

Akatoka mbio, mkia wima, puta! puta! puta! Hata chemchemini hakusimama.

Kichakani wakatoka dada zake Bi Nguchiro, wameushika ule ukili waliokuwa wakiuburuta, hawana mbavu kwa kicheko. Majirani nao wakashangilia: "Mwanamke huyu, jamani! Kumbe akili haipimwi kwa kimo!"

Jioni ile Kobe akarudi kubisha hodi, na nyuma yake msururu wa wageni.

Basi wanangu, shikeni hili: anyakuaye nyumba ya mwenziwe, na wageni wake ajiandae kuwapokea.