Kwa Nini Wimbo wa Kusaga Husimama Katikati

Haya ninayowaambia niliyapokea kwa bibi mzaa mama, naye aliyapokea kwa watu waliowaona wenyewe. Ni mambo ya zamani, wakati mashine ya kusaga haijafika katika milima yetu hii, na unga wote uliopikwa ulitoka katika mikono ya mwanamke na katika mgongo wake.

Siku hizo kila nyumba ya Vumbeni ilikuwa na jiwe la kusagia, pana, limechimbiwa sakafuni karibu na ukuta, na jiwe dogo la kushika mkononi, lililoitwa mtoto. Mwanamke alipiga magoti, akainama juu ya jiwe, akamsukuma mtoto mbele na kumrudisha, mbele na kumrudisha, tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda juu ya kilima. Alisaga huku akiimba. Wimbo wa kusaga ulikuwa mrefu, tena haukuwa na mahali pa kupumua. Ubeti mmoja uliushika mwingine mkia. Aliyeukata kabla ungo haujajaa alihesabiwa mvivu, na majirani walisikia nyumba gani imenyamaza.

Ndiyo maana wanawake wazima wote wa Vumbeni walikuwa wamepinda. Hakuna aliyeona ajabu. Watu walidhani mgongo huinama kwa umri tu, kama nywele zinavyoota mvi. Bibi kizee aliyeinama akipita, vijana walimpisha njia wakisema, "Huyo amelisha watu."

Katika kijiji hicho aliolewa msichana aliyeitwa Namkunda. Alitoka ng'ambo ya bonde, kwa wafinyanzi, ambako wanawake hupeleka vyungu sokoni kichwani na kutembea wima, kwa kuwa chungu hakimsamehe mwenye shingo iliyolegea. Mumewe, Senzota, alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi, na nyumba iliongozwa na mama yake, Nakiete. Huyu Nakiete ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa wimbo kijijini. Sauti yake ilikuwa nzuri hata uzeeni, na mgongo wake ulikuwa umeinama kama wa wenzake. Wala hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Siku Namkunda alipoingia nyumbani, Nakiete alimkabidhi jiwe lake mwenyewe, alilokabidhiwa na mama mkwe wake, akampangusia vumbi kwa upindo wa nguo yake.

Baada ya Namkunda kujifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mbonea, maumivu yakaanza. Yalianzia kati ya mabega, kana kwamba mtu alibonyeza kidole gumba pale akasahau kukiondoa. Yakashuka kiunoni, yakaingia mguu wa kushoto. Akawa hawezi kumbeba mtoto mgongoni kutoka nyumbani hadi kisimani. Akilala ubavu huu, yanamwamsha, akigeuka, yanamfuata. Walimkanda kwa majani ya moto, wakamchanja chale, wakamnywesha mizizi michungu. Alipata nafuu ya kitambo, kisha akarudi jiweni, na maumivu yakarudi pamoja naye.

Msimu wa mavuno, dada mkubwa wa mama yake, Naetwe, alikuja Vumbeni kuuza vyungu akafikia kwao. Alikaa kitini pembeni akamtazama Namkunda akisaga mpaka ungo ulipojaa.

"Simama nikuone," akamwambia.

Namkunda akasimama.

"Mabega yako yamekuja mbele kama ya mtu anayeona baridi. Na shingo inachungulia. Nani alikwambia usimame hivyo?"

"Hakuna, mama mkubwa. Ndivyo nilivyo siku hizi."

"Ndivyo ulivyojizoesha. Mwili umeamini kwamba wewe ni mtu wa kuinama tu."

Akampeleka ukutani. Akamwambia aguse ukuta kwa visigino, kwa makalio, kwa mabega, na mwisho kwa kisogo, kidevu kikiwa kimerudi ndani. Kisogo kilikataa kufika. Naetwe hakukilazimisha. Akamfundisha kuinua mikono taratibu huku imegusa ukuta, kama mtu anayepandisha kitu juu ya dari. Akamlaza kifudifudi juu ya mkeka, akamwambia ainue kifua kama mjusi anayeota jua, apumue, ashuke. Akamfundisha na kutembea uani na chungu kitupu kichwani, macho yakitazama kilima cha mbali badala ya vidole vya miguu.

"Na hili ndilo kubwa," akasema. "Ungo ukifika nusu, inuka. Usingoje maumivu yakuite. Nyooka, pumua, kisha rudi kazini. Hukupinda kwa siku moja, hutanyooka kwa siku moja. Lakini usiache."

Naetwe akaenda zake, na Namkunda hakuacha. Mwanzoni misuli ilimuuma upya, akadhani ameharibu zaidi. Kisha, polepole, kile kidole gumba kati ya mabega kikaanza kulegea. Akalala mpaka asubuhi bila kuamka. Mwezi mwingine, kisogo kikagusa ukuta. Siku moja alirudi kisimani na Mbonea mgongoni na mtungi kichwani, na Senzota, aliyekuwa akitengeneza ua, akaacha kazi akamtazama.

"Kumbe nilioa mwanamke mrefu hivi!" akasema, akacheka. Namkunda naye akacheka.

Lakini kila ungo ulipofika nusu, nyumba ya Nakiete ilinyamaza. Majirani walisikia. Kisimani wanawake wakaanza kusema, "Kwa mwenye wimbo, wimbo unakatika kama kamba mbovu." Mwingine akasema, "Labda wakwe wa kifinyanzi huchoka mapema." Maneno hayo yalimfikia Nakiete akiwa na mtungi mkononi, akarudi nyumbani bila kuujaza.

Alimkuta Namkunda amesimama ukutani, mikono juu.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Sasa siumwi sana, mama. Ndiyo maana nasimama."

"Mimi nimesaga hapa kabla mumeo hajazaliwa," Nakiete akasema. "Niliumwa. Mama mkwe wangu aliumwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeukata wimbo ili watu watucheke. Katika nyumba hii wimbo haukatwi."

Namkunda alimtazama mumewe. Senzota alikuwa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Alisikia kila neno, na hakuinua kichwa.

"Ndiyo, mama," Namkunda akasema. Akashusha mikono, akapiga magoti.

Alijaribu kufanya mazoezi yake kwa kificho, shambani, nyuma ya migomba. Akaonekana, akasemwa zaidi. Mwishowe akaacha. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Maumivu yalirudi kama mtu aliyejua njia ya nyumbani. Mabega yakaja mbele, shingo ikachungulia, na mgongo ukaanza kupinda kuliko hata wa Nakiete, ingawa Namkunda alikuwa bado kijana. Nakiete aliliona. Lakini alikuwa amekwisha kusema neno lake mbele ya mwanawe, na kila siku iliyopita ilifanya neno hilo liwe gumu zaidi kulirudisha.

Mbonea alipofika umri wa kuchunga, alichukuliwa na mjomba wake kwenda tambarare, kwenye ng'ombe. Siku ya kuagana, mama yake alikuwa bado anaweza kumwona usoni akijisaidia kwa mkono chini ya kidevu. Alimtazama sana. Mtoto akaondoka, akakaa huko miaka mingi.

Wakati huo wote mgongo wa Namkunda uliendelea kushuka, mpaka akawa anawajua watu kwa miguu yao. Alijua kisigino kilichopasuka cha Senzota, alijua vidole vya mama mkwe wake, alijua majirani kwa viatu vyao vya ngozi. Hakuwa akilalamika. Usiku alilala amekaa, ameegemea gunia la mtama.

Mbonea alirudi mchana, wakati mama yake akianika mtama uani. Namkunda aliona miguu mirefu yenye vumbi ikisimama mbele yake.

"Miguu hii siijui," akasema. "Karibu, mgeni. Unatoka kwa nani?"

Kijana akarudi hatua moja nyuma.

"Karibu, baba, usiogope."

"Ni mimi, mama."

Namkunda aliweka mikono magotini akajaribu kuinua uso. Ulipanda mpaka kifuani pa mwanawe, ukakwama. Alijaribu tena. Ndipo Mbonea, kijana mzima, akalala chali chini, juu ya mtama uliokuwa umeanikwa, ili mama yake amwone. Namkunda akamwinamia. Machozi yake yakamdondokea yule kijana usoni.

"Una ndevu," akasema.

Nakiete alikuwa mlangoni. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, na wakati wa chakula hakutoka.

Kesho yake alimtuma Mbonea ng'ambo ya bonde. Naetwe akaja, mzee sasa, lakini wima, akitembea kwa mkongojo. Alimpapasa Namkunda mgongo kwa mikono yake ya udongo, mfupa baada ya mfupa.

"Udongo ukiwa mbichi, naufinyanga," akasema mwishowe. "Huu umeshachomwa. Maumivu tunaweza kuyapunguza. Kunyooka tena, hapana."

Wakaanza upya, kidogo kidogo: kupumua ukiwa umelala, kurudisha mabega, kunyoosha mguu mmoja, kisha mwingine. Namkunda alipata usingizi wa kulala chini, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa nafuu yake. Na kando yake, juu ya mkeka uleule, Nakiete naye alifanya yote aliyoambiwa, mifupa ikimlia.

Siku moja wakiwa wamelala hivyo, Nakiete akasema, "Ungenikatalia, mwanangu. Ungeniambia, mama, sitaki."

"Ningekukataliaje, mama?"

Namkunda hakulisema neno hilo kwa hasira. Lingesemwa kwa hasira, Nakiete angepata pa kujitetea.

Harusi ya Mbonea ikafika. Kama ilivyokuwa desturi, wanawake wa kijiji walikusanyika kusaga unga wa karamu, mawe yamepangwa kuzunguka ua, na bibi arusi amepiga magoti katikati yao. Nakiete alianzisha wimbo. Watu walisema sauti yake siku hiyo ilikuwa kama ya ujanani. Mawe yakaenda kwa pamoja, unga ukaanza kupanda katika nyungo. Ulipofika nusu, Nakiete akaukata wimbo katikati ya neno.

Mawe yakasimama, moja moja. Wanawake wakatazamana. Wengine walidhani mzee amepatwa na jambo.

"Nimeukata mimi," Nakiete akasema. "Simameni. Nendeni ukutani, mnyooke."

Hakuna aliyesogea. Basi yeye mwenyewe akajiinua kwa shida, akaenda ukutani, akaegemeza visigino, akajaribu kurudisha mabega. Kichwa chake hakikufika, kilibaki mbali na ukuta. Alisimama hivyo mbele ya watu wote, akilia, na hakujifuta. Bibi arusi ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda akasimama ubavuni pake. Kisha wengine wakafuata, wazee kwa vijana.

Namkunda alibaki kwenye kigoda chake, ameshika ukuta kwa kiganja kimoja. Halafu, kwa kuwa Nakiete alishindwa kurudisha sauti, Namkunda akaushika wimbo pale ulipokatwa, akauendeleza, uso wake ukielekea chini. Wanawake wakarudi kwenye mawe yao wakamwitikia.

Na tangu siku hiyo wimbo wa kusaga wa Vumbeni husimama katikati. Mashine imekuja, mawe tumeyafanya ngazi za milango, na wimbo wenyewe tunauimba harusini tu. Lakini ukifika pale, hukatika, na wanawake wote huenda ukutani, wakainua mikono, wakavuta pumzi. Wageni hudhani tumesahau maneno. Na liko sharti moja tuliloachiwa: bibi arusi haukati wimbo, hata kama mgongo unamuuma. Anayeukata ni mama wa mume, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu, kwa sababu Namkunda alijua kunyooka, ila hakuwa na ruhusa ya kusema hapana.